Chupa ya Chai Isiyo na Chai: Bujumbura hadi Kabonga

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye simu, kanisani, hata kwenye foleni ya sukari, na kila mmoja nimemjibu nusu. Nusu hizo mmezikutanisha mkatengeneza hadithi yenu. Kuna aliyesikia nilikamatwa na dawa za kulevya, na kuna aliyesikia nimeolewa Kabonga. Yote mawili ni uongo, ingawa la kwanza naelewa lilikotoka. Basi naandika yote mara moja, atakayeuliza tena nimtumie karatasi hii.

Kwanza kazi yangu, maana najua mlikuwa mnaitikia kwa kichwa tu. Ndani ya seli, yako na ya samaki, kuna wabebaji. Ni protini zenye kitu kama miguu miwili, nazo hutembea juu ya nyuzi nyembamba zikiwa zimebeba mizigo, nyingine zikienda pembeni mwa seli, nyingine zikirudi katikati. Kuna molekuli ndogo zinazoweza kumshika mbebaji akasimama na mzigo wake. Mimi nilitengeneza moja. Nimeipika na kuisafisha kwa miaka miwili, na inamshika yule anayerudisha mizigo katikati. Nyumbani mama yangu huiita "kale kaunga kako".

Ugomvi wangu na Profesa ulikuwa mmoja tu. Mimi nilisema unga wangu unasimamisha: ukiuosha, mbebaji anaendelea na safari yake. Yeye alisema unaua seli, na seli iliyokufa lazima itulie. "Kitu kikisimama kisiendelee tena," aliniambia, "hiyo siyo breki, ni ajali." Akanipa hadi Jumatatu. Nikishindwa kumwonyesha seli inayoamka, unga unamwagwa na meza yangu ya maabara anapewa mwingine.

Njia rahisi ya kuona ni gamba la samaki aliye hai. Gamba lina seli nyeusi zenye punje za rangi, na samaki akishtuka wabebaji huzivuta punje zote katikati, akapauka. Lakini samaki wetu wa maabara walikufa wote siku umeme ulipokatika na pampu ya hewa ikazima. Na sokoni mjini kuhe, yule samaki wa ziwani mwenye mabaka meusi, hufika ameshakufa. Nikaambiwa Kabonga, kule mwisho karibu na mpaka, kina mama hawamnunui kuhe asiyepiga mkia. Nikaweka tyubu mbili za dawa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, nikafunga darubini kwenye kanga, na nikachukua chupa kubwa ya maji ya chumvi niliyoyapima mwenyewe, maana seli za gamba zikikutana na maji matupu huvimba na kupasuka. Nikaondoka Alhamisi asubuhi.

Bujumbura, ambako tuliondoka sasa hivi

Dereva wetu aliitwa Buchumi, na gari lake Probox lilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta. Saa moja asubuhi alisema tunaondoka sasa hivi. Saa mbili alisema sasa hivi. Saa nne alikuwa bado kwenye mstari wa kituo cha mafuta, na sisi abiria tulikuwa tumeshajuana majina ya watoto.

Pembeni yangu alikaa mfanyabiashara wa mawese kutoka Rumonge, Mzee Salvatori, mtu mnene mwenye kofia ya mkeka na udadisi usio na breki. Aliitazama chupa yangu ya chai kwa saa nzima. Nilijifanya sioni.

"Dada," alisema mwishowe, "iyo chai yako itapoa bure."

"Imeshapoa, Mzee."

"Sasa unabeba chai ya baridi ya nini? Uko mugonjwa?"

Ningesema ndiyo, tungeishia hapo. Lakini mnanijua. Nikamweleza, na nikamweleza vizuri mno: wabebaji, mizigo, dawa ya kuwasimamisha. Akageuka nyuma akawatafsiria wenzake kwa Kirundi, na nilivyosikia, katika tafsiri yake neno "seli" halikuwamo kabisa. Buchumi aliporudi na madumu yake, gari zima lilijua kwamba dada wa mbele ana dawa ya kusimamisha wabebaji.

Salvatori akaniinamia. "Kuna mutu anaitwa Mateso, kule Minago. Ananinyanganya wateja. Mawese yake yanabebwa na bijana ya velo, ya baiskeli, kumi na mbili. Wakisimama wiki moja tu, docta. Moja tu!"

Nikamwambia dawa yangu haiwezi kusimamisha hata kuku. Hakuniamini.

Muhuta, ambako nilimfuta mwenye nyumba

Mvua ya usiku ilikuwa imeshusha kijito na mawe juu ya barabara. Magari yalipangana pande zote mbili, watu wakashuka kutazama, kana kwamba kutazama kunapunguza maji. Buchumi alizima injini ili kutunza esanse, yaani petroli, akalala palepale.

Salvatori anajuana na dunia nzima kwenye barabara hiyo. Alinipeleka kwenye nyumba ya Mama Odeta, hatua chache kutoka barabarani, mwanamke wa makamo anayekamua ndizi. Aliniuliza nakunywa nini, nikasema sinywi pombe. Akaniletea juisi ya ndizi kwenye glasi safi, imejaa hadi juu. Kisha, mbele ya macho yangu, akaiinua, akapiga funda moja zuri, akanikabidhi.

Sasa jamani, mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi Kigoma na nikasomea Dar es Salaam. Kwetu kulikuwa na walokole watupu, hakuna aliyemkaribisha mtu kinywaji zaidi ya maji ya bomba. Nilimwona mtu mzima akinywa juisi yangu na kunipa masalia. Nikatoa leso, nikaufuta mdomo wa glasi taratibu, mbele yake.

Mama Odeta alinitazama kama niliyemtemea mate. Halafu Salvatori akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Docta wee! Anaonja kwanza ili ujue haina sumu! Ni heshima iyo! Anayeleta kinywaji njo anakunywa wa kwanza. We unamufuta?"

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Nilipiga magoti nikamwomba radhi kwa Kirundi changu cha kuungaunga, nikainywa juisi yote bila kupumua. Mama Odeta akalegea. "Ni ba Tanzaniya bale," alimwambia Salvatori, "tumusamehe." Akanijazia tena, akaonja tena, mara hii akiniangalia machoni, na mimi nikapokea kwa mikono miwili.

Alipokuwa ananisindikiza akanivuta pembeni. Habari za chupa ya chai zilikuwa zimemfikia.

"Iyo dawa yako," alinong'ona, "inaweza kusimamisha ulimi? Niko na mama mukwe."

Minago, ambako Salvatori alitubu

Tulivuka saa nane, na Minago gari likazama kwenye tope karibu na mahali wanapokamulia mawese. Buchumi alikanyaga, magurudumu yakazunguka, tope likaruka. Dereva anayeijua kazi yake angetuambia tushuke tusukume. Buchumi alituambia tutulie, Mungu yupo.

Mungu akaleta vijana wa baiskeli. Walikuwa wanapanda mlima wakisukuma baiskeli zilizobeba madumu ya manjano, kila moja na mzigo unaomzidi mwenyewe, mmoja nyuma ya mwingine juu ya kile kimstari kikavu cha pembeni. Niliwatazama nikasahau tope. Miaka miwili nimekuwa nikiwaeleza watu wabebaji wangu kwa kuchora ubaoni, kumbe wako Minago wanapita.

Waliegesha baiskeli zao, wakatuzunguka, wakasukuma. Walikuwa kumi na wawili, nilihesabu. Gari likachomoka kwa mara ya kwanza tu, na yule wa mbele akampigia Salvatori saluti iliyojaa tope.

"Murakoze cane," alishukuru Salvatori kwa sauti ndogo. Akauliza wanambebea nani. Wakamwambia: Mateso.

Tulipofika njia nzuri Salvatori akakohoa. "Docta. Yale nilisema asubuhi. Achana nayo."

Rumonge, ambako nililinda kisicholindwa

Tulifika jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Salvatori alinipeleka kwenye nyumba ya wageni ya jamaa yake, akanielekeza kwa anayeuza barafu za samaki. Nikaifungua chupa. Mle ndani barafu ilikuwa imebaki kama punje za mahindi. Nikajaza upya.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki aina ya mukeke wa kuchoma na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, na sitawaeleza zaidi kwa sababu nitaanza kulia. Nilikuwa nalamba vidole nilipomwona mama wa nyumba ya wageni akipita na chupa yangu ya chai kuelekea jikoni, uso wake umejaa huruma.

"Maman! Simama!"

"Nakujazia chai, sha. Nimeitikisa, nasikia iko na maji ya baridi. Utasafiri na maji ya baridi na kifua icho?"

Niliruka meza. Sisemi kwa mfano, nilipita juu ya benchi na miguu yangu ikagusa sahani ya mtu. Kikombe kimoja cha chai ya moto kingeunguza miaka miwili. Tangu dakika ile chupa ya chai haikutoka mkononi mwangu. Nililala nayo, nikaoga ikiwa mlangoni, nikasali nayo pembeni. Ile chupa kubwa ya maji ya chumvi niliiacha tu popote, kwenye kiti, chini ya kitanda, kwenye buti la gari. Nani ahangaike na maji?

Kabonga, ambako niliulizwa swali

Asubuhi Salvatori alinipandisha gari la Nyanza-Lac na kunipa jina la shemeji yake, Mama Zaina, anayenunua samaki Kabonga. Kutoka Nyanza-Lac nilichukua moto, yaani pikipiki ya abiria. Njia ni mbovu na dereva alipenda kuongea akiwa amegeuka nyuma, kwa hiyo nilifika nikiwa nimeshatubu dhambi zangu zote, hata za utotoni.

Mama Zaina ni mwanamke mrefu, mjane, babu yake alitoka ng'ambo ya Kongo. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Aliitikia, akanikaribisha kwenye mkeka, akaniletea chai ya tangawizi. Akaonja, akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili bila leso yoyote, nikajiona nimekomaa.

Nikamweleza. Nilikuwa nimeshazoea: sasa ataniambia ni nani anataka asimamishwe. Njia nzima kila mtu alikuwa na wake. Mama Zaina hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Mutoto wangu," alisema, "samaki ya hapa tunakula na tunauzisha. Kuna watu walileta dawa ya kuvulia zamani, tukaokota samaki zimekufa mpaka kule mawe. Nakuuliza kitu kimoja. Iyo dawa inasimamisha, ao inaua?"

Nikasema inasimamisha.

"Basi, onja."

"Mama, haionjwi. Ni ya maabara, ni..."

"We uliona vile nilionja chai. Anayeleta, njo anaonja. Kama haiui, onja kidogo, mimi nione."

Ningeweza kumwambia kwamba hakuna mkemia anayeonja kazi yake, na hiyo ni kweli tupu. Lakini si hilo lililonizuia. Alinitazama muda mrefu, akaliona.

"Wewe mwenyewe hujui," alisema.

Iliniuma kuliko maneno yote ya Profesa. Nikamwambia kweli sijui, ndiyo maana nimekuja, na nisipojua kabla ya Jumatatu sina kazi. Nikamweleza kwamba samaki wenyewe hawataguswa na dawa. Nitang'oa magamba machache, nifanye kazi yangu uani kwake kwenye vikombe, na maji yote nitarudi nayo Bujumbura ndani ya chupa, tone lisiende ziwani.

Akafikiri. "Kuhe nitakupa kesho asubuhi. Lakini kuonja kwako kunabaki. Sijasahau."

Kabonga bado, Jumamosi asubuhi

Kuhe alikuja kwenye beseni, mkubwa kama mkono wangu hadi kiwiko, wa manjano mwenye mabaka meusi na hasira. Mama Zaina alimshika, mimi nikang'oa magamba manane kwa kibanio. Tulipommwagia maji kwa nguvu akapauka mara moja mabaka yakafifia.

"Ameogopa," alisema Mama Zaina. "Kuhe akiogopa rangi inakimbia."

"Haikimbii, mama. Inabebwa."

Niliweka darubini juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaelekeza kioo chake juani. Nikamimina maji ya chumvi kwenye vikombe, nikaweka gamba la kwanza. Seli zilikuwa wazi, nyeusi, zenye matawi kila upande. Nikadondosha tone la adrenalini, dawa ya mshtuko niliyoinunua famasi. Punje zikaanza kurudi kutoka kwenye matawi, zikakusanyika, kila seli ikabaki nukta moja. Vizuri. Gamba la pili nikaliweka kwenye dawa yangu kwanza, kisha adrenalini. Matawi yakabaki meusi vilevile, hakuna punje iliyosogea. Dawa yangu ilikuwa imewashika wabebaji barabarani na mizigo yao.

Hadi hapo hata Profesa hakuwa na ubishi. Sasa ilibaki kuosha. Nikayaacha magamba matatu ndani ya dawa kwa nusu saa, nikaenda kunywa uji jikoni, chupa ya chai kwapani. Niliporudi nikachukua ile chupa kubwa, nikayaosha magamba mara tatu, nikasubiri, nikatia adrenalini na kuinamia darubini.

Hakuna kilichosogea.

Nikasubiri dakika kumi. Baadhi ya seli zilikuwa zimevimba, nyingine zimepasuka na punje zimemwagika ovyo. Gamba la pili vilevile. La tatu vilevile. Yalibaki matatu mabichi na tyubu moja, na sikuona sababu ya kuyagusa. Niliketi chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Nilifikiria meza yangu karibu na dirisha, na yule atakayeikalia. Nikafikiria jinsi Profesa atakavyosema pole, kwa upole, na upole huo ndio ulionitoa machozi.

Mama Zaina akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, ulikuwa na haki ya kuwa na shaka," nilisema. "Inaua."

Aliona jasho na machozi, akafanya wanachofanya watu wa huko mtu akilia: akachukua maji yaliyokuwa karibu zaidi, chupa yangu kubwa, akafungua, akaonja funda moja, akanipa.

"Kunywa kwanza."

Nilikunywa kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kukataa. Funda la kwanza likapita. La pili likasimama kooni.

Maji yalikuwa matamu. Hayakuwa na chumvi hata chembe.

"Mama Zaina. Haya maji..."

"Ni mazuri eeh? Ni ya kisima ya juu, nilichemusha. Ile yako nilionja wakati unakunywa uji, nikasikia iko na chumvi, imeharibika. Mugeni wangu akunywe maji imeharibika? Nikamwaga, nikaosha chupa, nikakujazia."

Nilimtazama. Nikaitazama chupa ya chai iliyokuwa bado kwapani mwangu, niliyoruka nayo mabenchi, niliyolala nayo kama mtoto mchanga. Nikaanza kucheka, na yeye akafikiri nimerukwa na akili, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

Dawa haikuua kitu. Seli zangu niliziua mimi, kwa maji ya kisima na wema wa mwenyeji.

Chumvi ya jikoni

Mkemia yeyote akinisoma hapa asinitukane. Nilichukua lita ya maji yake yaliyochemshwa na kupoa, nikaomba kijiko cha chai, nikakijaza chumvi, nikakisawazisha kwa kisu, nikaongeza robo. Mzani wangu ulikuwa Bujumbura na mkono wangu ulikuwa Kabonga. Mama Zaina alisimama juu yangu kwa mashaka makubwa.

"Unaharibisha tena maji?"

"Naharibisha tena, mama. Na safari hii nakuomba, usinionee huruma."

Tyubu ya mwisho. Magamba matatu ya mwisho. Nusu saa ndani ya dawa, adrenalini, matawi meusi yametulia. Kisha nikaosha mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikatia tena adrenalini. Nikaweka jicho, na nilipoona macho yangu yana ukungu nikamsogezea Mama Zaina darubini.

"Angalia wewe. Niambie."

Akafumba jicho moja kwa mkono. "Naona miti nyeusi."

"Inasogea?"

"Eka, apana."

Kuku alipita. Mtoto fulani alilia nyumba ya pili. Nilihesabu hadi mia, nikasahau nilipofika, nikaanza upya.

"Eeh," alisema Mama Zaina. "Eeh! Iyi moja, mukono yake inakuwa mufupi. Na iyi. Docta, zote! Zinarudi! Zinaogopa kama kuhe mwenyewe!"

Nilimsukuma kwa makalio bila adabu yoyote, Mungu anisamehe. Punje zilikuwa zinarudi. Polepole, kwa kusitasita, nyingine zikisimama na kuendelea, zilikuwa zinabebwa kurudi katikati, kila tawi likifupika mpaka seli ikawa nukta. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani amekufa. "Hakuna," aliwaambia Mama Zaina, na alikuwa na fahari kana kwamba dawa aliipika yeye. "Njo shida yake. Hakuna aliyekufa."

Nilipiga video kwa simu kupitia kioo cha darubini, nikatafuta mtandao juu ya mawe, nikaituma. Profesa alijibu baada ya saa moja, maneno matatu: "Meza ni yako." Nikakusanya maji yote ya vikombe kwenye ile chupa kubwa, nikaifunga kwa kitambaa chekundu, nikaandika SUMU kwa herufi kubwa, ingawa sasa nilijua si kweli, ili mtu yeyote mwenye huruma asinijazie.

Chakula cha mchana

Kuhe alipikwa. Nilimwona akisafishwa, nilimwona akiingia kwenye mawese na bilinganya na pilipili. Alikuja kwenye sinia kubwa na ubugali, na watu walioketi kuzunguka walikuwa wengi kuliko niliowajua: majirani, wauzaji wawili wa samaki, yule dereva wa moto aliyekuja kunichukua. Tukanawa mikono. Mama Zaina akaomba dua.

Mimi nikasubiri aonje, kama alivyoonja chai, kama alivyoonja maji. Hakugusa. Alilisukuma sinia mpaka likanigusa goti.

"Leo anayeonja wa kwanza ni wewe," alisema. "Magamba ya uyu samaki uliitoa kwa mikono yako. Dawa ilikuwa yako. Nilikuambia kuonja kwako kunabaki."

Nilijua dawa haikumgusa yule samaki, hata tone, hata kwa mbali. Vikombe vilikuwa upande mwingine wa ua. Nilikuwa nimenawa mara nne kwa sabuni. Nilijua hayo yote vizuri kama ninavyojua jina langu. Nikamega tonge, nikachovya, nikabana kipande cha mgongo, nikakiinua.

Mkono ukasimama katikati ya njia.

Sijui ni kwa nini. Macho kumi na mawili, au miaka miwili, au lile neno la Profesa. Ulisimama tu hapo hewani, mafuta yakitiririka kwenye kiganja, na mimi nikiutazama kama wa mtu mwingine.

Mama Zaina akainama mbele kidogo.

"Inasimamisha," aliuliza taratibu, "ao inaua?"

Dereva wa moto akapasuka kicheko, akafuata jirani, wakafuata wote. Nikacheka na mimi, mkono ukaendelea na safari yake, nikala. Nilitafuna, nikameza, nikafungua mdomo waone hamna kitu. Kisha nikamrudishia sinia Mama Zaina kwa mikono miwili.